Nani aligonga ribiti za Liemba?

Mwanafunzi yeyote aliyesoma historia hapa Tanzania anajua kwamba reli ya kati ilijengwa na Wajerumani na Tazara ikajengwa na Wachina. Swali likija kwenye mtihani unajibu hivyo, na maksi unapata. Mimi nimeshika spana maisha yangu yote ya kazi, na jibu hilo linaniuma kwa sababu kazi yenyewe haimo. Hayumo aliyepima mwinuko wa ardhi juani, hayumo aliyechanganya zege, hayumo aliyebeba taruma begani wala aliyerudia hesabu za daraja usiku kwa taa ya chemli. Zimo serikali mbili na mwaka wa uzinduzi, basi.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaambia wenzangu jambo moja, na leo naliandika: nchi hii inahitaji jarida la historia ya uhandisi wake. Si lazima liwe kubwa. Kurasa kumi na mbili zinatosha, litoke kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili, likiwa na michoro, picha na maelezo ya vitu vilivyojengwa hapa: vilijengwaje, kwa nini vilijengwa hivyo na si vingine, akina nani walivijenga, na vilipoharibika walivitengenezaje. Waingereza wana chama cha mambo haya, Newcomen Society, kilichoanzishwa London mwaka 1920 na kupewa jina la Thomas Newcomen, yule aliyetengeneza injini ya mvuke ya kuvuta maji migodini mwaka 1712. Kwa zaidi ya miaka mia moja wanachama wake wamekuwa wakiandikiana kuhusu pampu, boila, mifereji na madaraja. Sisi nasi vya kuandika tunavyo tele.

Nianze na meli, hiyo Liemba.

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer, kilichopo Papenburg kaskazini mwa Ujerumani, kiliunda meli yenye urefu wa mita 70 na ushee kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Tangu siku ya kwanza walijua kwamba hakuna njia ya maji ya kuifikisha huko. Kwa hiyo waliiunga kwa nati na bolti, wakahakikisha kila bamba limekaa sawasawa, halafu wakaifungua yote na kuipakia katika makasha 5,000. Makasha yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapandishwa treni. Reli ya kati ilianza kujengwa mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, umbali wa kilometa kama 1,250 kutoka pwani. Meli ikapita humo vipande vipande: Morogoro, Dodoma, Tabora, hadi ziwani. Iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipoanza.

Kiwanda kilituma watu watatu kuja kuiunga upya: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao yanatajwa kila meli hii inaposimuliwa, na wanastahili kutajwa. Lakini watu watatu hawaungi meli ya mita 70. Palikuwa na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi Waafrika, na hao katika simulizi zinazorudiwa kila mara wanabaki kuwa "wenyeji" au "wafanyakazi" tu.

Anayetaka kuuelewa ukubwa wa kazi ile aitazame ribiti moja, ule msumari mnene wa chuma wenye kichwa upande mmoja na usio na ncha. Papenburg walitumia bolti kwa sababu walitaka kuifungua meli tena. Kigoma ilibidi iungwe moja kwa moja. Ribiti inachomwa kwenye kinu cha makaa mpaka iwe nyekundu karibu na njano. Mtu mmoja anaichomoa kwa koleo, anaipeleka mbio, inatiwa kwenye tundu linalopita katika mabamba mawili yaliyolaliana. Wa ndani anaukandamiza ule upande wenye kichwa kwa chuma kizito, na wa nje anaugonga upande wa pili kwa nyundo mpaka nao upate kichwa. Kazi hiyo lazima iishe kabla chuma hakijapoa. Kikishapoa kinasinyaa, na kule kusinyaa ndiko kunakoyabana mabamba mpaka maji yasipenye. Ikigongwa ikiwa imekwisha kupoa, ribiti inalegea, meli inavuja. Ikichomwa kupita kiasi, chuma kinaungua na kukosa nguvu. Sasa rudia kazi hiyo katika ubavu mzima wa meli, chini, juu na ndani, kwenye joto la Kigoma, tumbo la meli likirudisha mwangwi wa kila nyundo. Mtu anayejua rangi ya chuma kilicho tayari kwa kukitazama tu ni fundi, hata kama daftari la mshahara limemwandika kibarua.

Meli iliingia majini tarehe 5 Februari 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshaanza. Ilipewa mzinga mmoja uliotoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyoishia katika delta ya Rufiji. Julai 1916 Wajerumani wakajua Kigoma haitashikika, ikatolewa amri meli izamishwe. Hapo ndipo fundi alipofanya la kifundi. Kabla ya kuizamisha, mitambo ilipakwa grisi nzito kila mahali, tumbo likajazwa mchanga, na tarehe 26 Julai ikashushwa taratibu karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Aliyefanya hivyo alikuwa anafikiria siku ya kuiopoa. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaifungua mitambo, wakaikuta inafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa kusini mwa ziwa wakiliita ziwa lao.

Nimewahi kuipanda hiyo meli kutoka Kigoma kwenda kusini. Wengi watakusimulia vijiji visivyo na gati: honi inapigwa gizani, mitumbwi inakuja mbio, watu na magunia ya dagaa na mananasi vinapandishwa na kushushwa kupitia mlango wa ubavuni kwa kelele nyingi. Hayo niliyaona, na yanapendeza. Lakini muda mwingi nilikuwa nimesimama karibu na ukuta wa chuma, natembeza mkono juu ya mistari ya ribiti. Rangi imepakwa juu ya rangi kwa miongo mingi mpaka vichwa vya ribiti vimekuwa mviringo laini, ila mstari ukiufuata kwa kidole unahisi kwamba havilingani. Kimoja kimekaa katikati sawasawa, cha jirani kimeegemea kushoto kidogo, kingine kimepigwa bapa kuliko wenzake. Mkono tofauti, au mkono uleule jioni baada ya kuchoka. Na zote zilikuwa zimeshika.

Miaka ya 1970 injini za mvuke zilitolewa, zikawekwa za dizeli. Katika safari yangu fundi mmoja wa meli alinionyesha bushi ya shaba, mrija mfupi ambamo shafti huzunguka, aliyoikereza mwenyewe kwa sababu spea haikupatikana. Alinieleza vipimo vyake vyote kwa kichwa, na kwa nini ameacha nafasi kubwa kidogo kuliko ilivyoandikwa kitabuni: mafuta wanayopata si yale ambayo mtengenezaji aliyafikiria. Maelezo yake yangejaza kurasa mbili za jarida. Hayapo kwenye karatasi yoyote. Na hiyohiyo Liemba, Mei 2015, ikiwa na miaka mia moja tangu iingie majini, ndiyo iliyowabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa ambako barabara hakuna. Iliwasomba safari baada ya safari mpaka Kigoma. Kila safari ilitegemea watu kama yule na bushi zao.

Kuna watu watasema haya ya mikono na majina yameshapotea, tuyaache. Siafiki, na ushahidi wangu unatoka Kagera.

Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma tangu zamani sana. Kilipoingia kwa wingi chuma cha bei rahisi kutoka Ulaya, matanuri yalizimwa. Miaka ya 1970 akaja mtafiti wa Kimarekani, Peter Schmidt, akafanya jambo ambalo watafiti wengi wa wakati ule hawakulifanya: aliwauliza wazee. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, masimulizi yanamtaja mfalme, Mukama Rugomora Mahe, aliyewaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, na wazee walijua hasa ni mahali gani. Palipochimbwa, mabaki ya kazi ya chuma yakatokea, ya zamani mno, yakirudi nyuma miaka kama 2,000. Kisha wazee waliokuwa wameiona au kuifanya kazi hiyo ujanani wakaombwa wajenge tanuri upya kwa kumbukumbu tu. Shimo likajazwa matete yaliyochomwa, ukuta ukainuliwa kwa udongo wa kichuguu na mabonge ya mavi ya chuma ya zamani, mirija ya udongo ikaingizwa mpaka ndani ya tanuri, na mivuo ikaanza kupulizwa. Chuma kikapatikana, na ndani yake palikuwa na vipande vya chuma kigumu chenye kaboni. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 na wanaakiolojia wa dunia wakalazimika kuyajadili. Bado wanabishana kuhusu kazi hasa ya ile mirija mirefu, kama ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa au la.

Kinachonishika mimi katika habari hiyo ni umri wa wale wazee. Wangeulizwa miaka ishirini baadaye, pasingekuwa na wa kuulizwa. Udongo wa kichuguu unachaguliwa kwa sababu unavumilia moto kuliko udongo wa kawaida, na ujuzi huo ulikuwa umebaki katika vichwa vya watu wachache wa kijijini. Uliokolewa kwa sababu mtu alikaa chini akauliza, "Ilikuwaje?"

Leo tuko kwenye saa hiyohiyo kwa Tazara. Vijana wa Kitanzania waliochukuliwa kwenda kujenga reli ile kati ya 1970 na 1975 sasa wana miaka sabini na zaidi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, kwa hiyo hata wanafunzi wake wa mwanzo wamestaafu. Na tunachokisimulia kuhusu Tazara ni Mwalimu, Kaunda na Mwenyekiti Mao, mkataba wa Beijing wa Septemba 1967, mkopo usio na riba. Ni kweli yote, na yana uzito wake: Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia Novemba 1965, shaba ya Zambia, iliyokuwa ikipita huko, ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. Lakini hebu mtu aniambie kwa Kiswahili, kwa mchoro, jinsi ile reli ilivyopandishwa kutoka Mlimba hadi Makambako.

Kilometa zote za Tazara ni 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kipande cha Mlimba hadi Makambako hakifiki hata moja ya kumi ya urefu huo, na ndicho kilichowatoa watu jasho kuliko vyote. Unatoka katika bonde la Kilombero, tambarare yenye matope, unatakiwa kufika juu kwenye baridi ya Makambako, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Gari litapanda kwa kona na gia. Treni haiwezi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina mshiko mdogo, na mwinuko wa mita mbili tu kwa kila mita mia ni mzigo mkubwa kwa kichwa kinachovuta shaba. Kwa hiyo njia inabidi izunguke ubavu wa mlima ikitafuta mwinuko wa pole, na kila inapokutana na korongo ni daraja, inapokutana na pua ya mlima ni handaki. Tazara nzima ina mahandaki 22, na mengi yamo katika kipande hicho. Daraja la Mpanga limesimama juu ya nguzo za zege zenye urefu wa kama mita 50. Ukilipita mchana ukiwa dirishani, unaona kivuli cha behewa lako kikitambaa chini kabisa kwenye miti.

Mvua za Kilombero hazikuwasubiri. Matuta yaliporomoka, yakajengwa tena. Katika makaburi ya Gongo la Mboto wamelala Wachina waliofia kazini, na kila mwaka huwekewa maua. Watanzania na Wazambia waliofia kwenye reli ileile walizikwa kwao. Jarida ninalolitaka lingewatafuta kijiji kwa kijiji.

Watu hudhani uhandisi ni chuma na injini tu, na kwamba ulikuja na meli za Ulaya. Atakayeingia magofu ya Kilwa Kisiwani apime upana wa vyumba. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa sababu dari ya mawe na chokaa inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake na uzito wake wa kubeba. Mjenzi alijua mpaka wa mti wake, akapanga nyumba nzima kutokana na mpaka huo. Alipotaka nafasi pana zaidi, kama katika Msikiti Mkuu, alijenga nguzo, matao na kuba. Hayo ni mahesabu, hata kama hayakuandikwa kwa namba. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kuna mifereji na kuta za mawe za kilimo cha umwagiliaji zilizotandaa eneo la hekta kama 2,000, na maji yalitembezwa humo kwa kuisoma ardhi kwa jicho.

Tukiacha kuandika, gharama yake tunaiona. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883 kwa ajili ya Sultani Barghash, jengo refu lenye nguzo za chuma cha kuyeyushwa zilizozunguka baraza zake, la kwanza Unguja kuwa na umeme. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wakafa. Nilipoona picha zile nilikaa kimya siku nzima. Sitaki kumhukumu mtu yeyote kwa hilo. Ninachosema ni kwamba jengo la namna hiyo linahitaji faili lake la maisha: lilinyooshwa lini, ufa gani ulizibwa kwa nini, nguzo ipi iliwahi kuhama. Fundi anayekuja baada ya miaka mia anatakiwa akute mazungumzo ya wenzake waliomtangulia.

Ninajua karatasi zetu zinavyoishi. Niliwahi kuingia stoo ya ofisi moja kutafuta mchoro wa mtambo wa pampu, nikakuta michoro iliyochorwa kwa wino juu ya kitambaa, mistari myembamba iliyonyooka ajabu, namba zimeandikwa kwa mkono mmoja mzuri. Imekunjwa, imelowa, panya wameshakula pembe. Mtunza stoo, mtu mwungwana kabisa, aliniambia kila mwaka wanasafisha na kuchoma za zamani ili kupata nafasi. Vyuma navyo vina njia yao: mnunuzi wa chuma chakavu anapima kwa kilo, na kwenye mizani yake mashine ya kukereza ya mwaka 1930 ni sawa na mlango wa lori.

Sasa hivi nchi inajenga kwa kasi ambayo sijapata kuiona. Treni ya umeme inakwenda Dodoma tangu 2024, bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji limefungwa mitambo ya megawati 2,115, na daraja la Kigongo hadi Busisi limevuka maji ya Ziwa Victoria kwa kilometa tatu. Vijana waliosimama kwenye hizo kazi wapo, wana picha kwenye simu zao, wanakumbuka nguzo gani ilisumbua. Hao waandike mapema, kabla simu hazijaibiwa na kumbukumbu hazijachanganyika.

Nimeshaongea na wahandisi wastaafu kadhaa na mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi. Tumekubaliana toleo la kwanza liwe la Kidatu. Wageni wengi wakisikia Kidatu wanafikiria mitambo ya umeme na miwa. Sisi tunafikiria milimita 67. Wajerumani walijenga reli ya kati kwa upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Tazara ilibidi iwe 1,067, kwa sababu reli za Zambia na za kusini mwa Afrika ndivyo zilivyo, na shaba haikutakiwa kuhamishwa njiani. Tofauti hiyo haifiki upana wa kiganja, lakini inatosha kulizuia behewa la reli moja lisiende mita hata moja kwenye nyingine. Njia ya tawi kutoka Kilosa inakutana na Tazara pale Kidatu, na mzigo lazima ushushwe huku upandishwe kule. Sasa imekuja reli ya tatu, ya milimita 1,435, kwa hiyo swali la kukutanisha reli litarudi, na kuna watu wamelifanyia kazi usiku na mchana pale Kidatu kwa kreni na kwa mabega.

Ukurasa wa kati tumeuachia mchoro wa njia zote tatu kwa vipimo, upande wa kushoto maelezo ya mpangaji wa mabehewa, upande wa kulia ya mpakuaji. Ambaye amefanya kazi pale mwaka wowote, au ana baba au shangazi aliyefanya, atuandikie kwa mkono wake kama ni rahisi zaidi, tutachapa. Ataje majina ya wenzake aliokuwa nao zamu moja.